Ndizi, Chumvi na Kihamba

Karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa friji, mahali ambapo siku zote hukaa ratiba ya shule ya watoto. Upande mmoja: ndizi, nyama nyekundu, viazi, uyoga, supu yenye chumvi ya kutosha. Upande wa pili, kwa wino mwekundu: maziwa, mtindi, karanga, mboga za majani. Chini kabisa iliandikwa, "Wiki sita kabla ya kubeba, bila kuruka siku."

Ilikuwa Jumapili, nimepita kwa kaka baada ya kanisa. Wifi alikuwa anamenya ndizi. Nikajimiminia chai ya maziwa, nikamwuliza kama nimtilie na yeye.

"Hapana wifi. Maziwa nimeacha."

"Yanakusumbua tumbo?"

"Hapana. Yanaleta mabinti."

Mezani alikuwepo binti yake mkubwa, yuko darasa la nne, anafanya hesabu. Penseli yake ilisimama. Hakuinua kichwa. Ikakaa hivyo kidogo juu ya daftari, kisha ikaendelea kuandika.

Wiki nyingi zimepita na bado naiona ile penseli.

## "Najua, nilisoma"

Nilimjibu kama ambavyo wengi wenu mngemjibu. Yai la mama siku zote lina kromosomu ya X, mbegu ya baba ndiyo inayokuja na X ya msichana au Y ya mvulana, kwa hiyo ndizi hazina kazi pale.

Akaniangalia kwa uchovu. "Wifi, najua. Nilisoma Baiolojia kama wewe. Sasa nikamwambie nani? Nimpigie mama Kibosho, nimwambie mwanao ndiye anayeleta mabinti?"

Sikuwa na la kusema.

Jibu lile tunalitoa kila mahali: redioni, kliniki, kwenye vikao vya akina mama. Tunalitoa kwa nia njema, tukiamini tunamtua mwanamke mzigo. Lakini tangu siku ile najiuliza tunamtwisha nani. Baba naye hachagui. Katika mamilioni ya mbegu anazotoa, karibu nusu zina X na nusu zina Y, na hana namna ya kutuma hii akaacha ile. Tukisema "ni baba," tumeiacha palepale ile imani kwamba kuna kosa limetendeka na lazima apatikane aliyelitenda.

Wasichana watatu wamelala chumba cha pili, nasi tunatafuta aliyekosea.

Hata hivyo swali lenyewe halikuniacha. Je, chakula kinaweza kusogeza mizani, hata kidogo? Nilitaka kulijibu kwa haki, bila kumbeza wifi wala aliyemuuzia ile ratiba. Maana iliuzwa, kwa shilingi 35,000, kupitia kundi la WhatsApp.

## Utafiti ambao kila muuzaji anautaja

Ratiba ilikuja na maelezo kwamba "wanasayansi wa Uingereza wamethibitisha." Utafiti upo kweli. Ulichapishwa mwaka 2008, na Fiona Mathews alikuwa mmoja wa walioufanya. Walichukua wanawake 740 waliokuwa na mimba ya kwanza, wakawauliza walikuwa wanakula nini kabla ya kubeba. Wakawagawa mafungu matatu kwa kiasi cha nguvu wanachopata kwenye chakula. Katika fungu la waliokula zaidi, asilimia 56 walizaa wavulana. Katika fungu la waliokula kidogo, asilimia 45. Chakula kilichojitokeza kuliko vingine kilikuwa nafaka za kifungua kinywa, zile za boksi.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilitikisika. Asilimia 56 kwa 45 si tofauti ndogo. Nikawaza, labda wifi anajua jambo nisilolijua mimi.

Mwaka uliofuata, Stanley Young na wenzake walizipitia takwimu zilezile. Wakaonyesha kwamba watafiti walikuwa wamepima aina 132 za vyakula, tena kwa vipindi tofauti. Hapo ndipo nilipoelewa. Ukipima vitu vingi kiasi hicho, kimoja au viwili vitaonekana vina uhusiano na jinsia ya mtoto kwa bahati tu, hata kama hakuna chochote. Ukitaka kujua kama ni kweli, chukua kile kimoja ukakipime upya kwa wanawake wengine. Muuzaji wa ratiba ametaja mwaka 2008. Wa 2009 hakuutaja.

Kuna mfano wa karibu zaidi na sisi. Mwaka 2003, Mhairi Gibson na Ruth Mace walichapisha utafiti wa vijijini Ethiopia uliosema akina mama wenye misuli na afya nzuri huzaa wavulana zaidi. Mwaka 2004 watafiti wengine wakachukua takwimu za Ethiopia nzima, wakatafuta uhusiano huo kati ya lishe ya mama na jinsia ya mtoto. Hawakuuona.

Na hata huu wa Uingereza, kwa jinsi ulivyo, haumsaidii wifi. Ulizungumzia kula kwa wingi, na chakula chake kikuu huliwa kwa maziwa. Ratiba yake imepiga maziwa marufuku.

## Kwetu tungekuwa wavulana watupu

Wazo la ndizi na chumvi linatokea kwingine. Miaka ya 1980 Mfaransa Joseph Stolkowski alifundisha kwamba sodiamu na potasiamu huvuta mvulana, kalisiamu na magnesiamu huvuta msichana. Ndiyo maana nyama, chumvi na ndizi zimewekwa upande wa kiume, maziwa upande wa kike.

Mimi ni mtoto wa mgombani. Mtori, kiburu, machalari, ndizi nyama: nimekua nazo, mama alikua nazo, bibi naye. Kama ndizi na nyama vinaleta wavulana, migomba ya Kilimanjaro ingekuwa imetupa vizazi vya wavulana watupu. Nyumbani kwetu tuko wasichana wanne na wavulana wawili. Wamasai nao, ambao maziwa ndiyo chakula chao cha asili, wangekosa morani wa kuchunga ng'ombe.

Nilimwambia wifi hivyo. Alikaa akafikiri, akasema, "Lakini wao hawafuati kwa wiki sita bila kuruka." Imani ikishalipiwa hela, ina namna ya kujilinda.

## Biashara isiyoweza kushindwa

Nikamwomba anionyeshe lile kundi. Shuhuda ni nyingi: picha za vichanga vimevikwa bluu, akina mama wanamshukuru Mungu na mshauri aliyewauzia ratiba. Sidhani hata mmoja anadanganya. Wote wamezaa wavulana kweli.

Kusini mwa Sahara, kwa kila wasichana 100 wanaozaliwa huzaliwa wavulana wapatao 103. Basi muuzie ratiba mwanamke yeyote, yoyote ile, hata ya kunywa maji ya moto asubuhi, nafasi ya kupata mvulana ni kama asilimia 51. Wauzie wanawake mia moja: utapata shuhuda hamsini na moja za kutoka moyoni. Wengine arobaini na tisa watanyamaza, kwa sababu aliyekosa hujiona yeye ndiye aliyeruka siku.

Tena mshauri yule anaahidi kurudisha hela ikishindikana. Wifi aliona hilo ni dalili ya uaminifu. Nilipiga hesabu mbele yake. Wateja mia wanatoa milioni tatu na nusu. Ukiwarudishia arobaini na tisa, unabaki na shilingi 1,785,000, bila kuwa umefanya lolote.

Alinyamaza muda mrefu. Nadhani hesabu ile ilimgusa kuliko kromosomu zote nilizomtajia.

Mambo ya kuhesabu siku yapo vilevile. Landrum Shettles wa Marekani alieneza tangu miaka ya 1960 kwamba ukikutana na mume siku ile yai linapotoka utapata mvulana, ukitangulia utapata msichana. Mwaka 1995 Allen Wilcox na wenzake waliwafuatilia wanawake 221 waliokuwa wanatafuta mimba, wakipima mkojo wao kila siku kujua yai limetoka lini. Mimba zilishika ndani ya siku sita, zinazoishia siku ya yai kutoka. Jinsia ya mtoto haikuwa na uhusiano wowote na siku.

## Mambo yanayogusa kweli

Ningependa kusema hakuna kitu chochote kinachogusa uwiano wa wavulana na wasichana. Si kweli.

Tarehe 10 Julai 1976, kiwanda cha kemikali karibu na mji wa Seveso, Italia, kilivuja wingu la dioksini, kemikali yenye sumu kali. Kati ya 1977 na 1984, wazazi waliokuwa eneo lililochafuka zaidi walipata wavulana 26 na wasichana 48. Uchunguzi wa baadaye wa Paolo Mocarelli na wenzake ulionyesha kwamba jambo hilo lilitoka upande wa baba, hasa wanaume waliovuta sumu ile wakiwa hawajafika miaka 19.

Hapo nilisimama. Mwanamke ndiye anayepewa ratiba ya chakula, ilhali moja ya mifano mizito kabisa tuliyonayo kwa binadamu inahusu sumu iliyoingia kwa wanaume. Sijawahi kuona kundi la WhatsApp linalomwuliza baba anafanya kazi na dawa gani za kupulizia mazao.

Njaa nayo imechunguzwa. Uholanzi ilipigwa na njaa kali majira ya baridi ya 1944 na 1945, na wasichana hawakuzidi. China, baada ya njaa kubwa ya 1959 hadi 1961, takwimu zilionyesha wavulana wakipungua kwa muda. Ila hata inapotokea hivyo, kinachofikiriwa ni mimba kuharibika, si chakula kumgeuza mtoto. Jinsia huwa imeshapangwa mbegu inapokutana na yai. Mwaka 2015 Steven Orzack na wenzake walionyesha kwamba mwanzoni kabisa wavulana na wasichana wako sawa, na kwamba safari nzima ya mimba hupoteza wa kike wengi kidogo kuliko wa kiume. Ndiyo maana wavulana huzidi kidogo siku ya kuzaliwa.

Nalisisitiza hili kwa sababu linabadilisha maana ya "kusogeza mizani." Ukikuta hali fulani ya maisha imepunguza jinsia moja, mara nyingi unaangalia watoto waliopotea. Hakuna mama angeitamani hali hiyo kama angejua.

Na je, aliyezaa wasichana watatu, wa nne atakuwa nani? Mwaka 2025 watafiti wa Harvard walichapisha takwimu za wauguzi zaidi ya 58,000 wa Marekani. Kwa waliokuwa na wasichana watatu, uwezekano wa kupata msichana wa nne ulikuwa asilimia 58. Mwaka 2020, uchunguzi wa watoto milioni 4.7 waliozaliwa Sweden haukuona kwamba kuzaa jinsia moja kunarithiwa kwenye familia. Tafiti hizi haziulizi swali moja, kwa hiyo sizipambanishi. Nilimpa wifi zote mbili kama zilivyo. Ni mtu mzima, ana haki ya kujua kwamba mimba ya nne inaweza kabisa kuwa binti.

## Kinachonitia hofu

Sasa nirudi kwenye sahani, maana hapa sina subira.

Ratiba ile imemwondolea mboga za majani mwanamke anayetaka kubeba mimba. Mchicha, matembele, kisamvu, kila kitu cha kijani. Hivyo ndivyo vyakula vyenye foleti, na foleti ndiyo inayosaidia uti wa mgongo wa mtoto ufunge vizuri. Uti huo hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, kabla wengi wetu hatujajua kama tumebeba. Usipofunga, mtoto anazaliwa na mgongo wazi. Mliowahi kukaa kwenye benchi moja na mama wa mtoto mwenye mgongo wazi mnajua nasema nini. Ushauri wa wataalamu ni mikrogramu 400 za foliki asidi, yaani foleti ya vidonge, kila siku, kuanzia kabla ya kubeba mpaka wiki ya 12.

Kisha ikamwongezea chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo ndani ya vyakula. Mama yake wifi ana presha. Mimba ya tatu, wifi mwenyewe presha ilipanda mwishoni.

Kuna jambo jingine ndani ya kundi lile ambalo nimesita kuliandika, lakini nitaliandika. Wanashauriana kujiosha ukeni kwa maji ya magadi ili "mbegu za kiume zipate nafasi," na wanaotaka wasichana wajioshe kwa ndimu au siki. Tafadhali, msifanye hivyo. Uke una bakteria wake wanaoulinda. Ukiwaosha unafungua mlango wa maambukizi, na maambukizi yakipanda juu yanaweza kuziba mirija. Unaweza kuanza ukitafuta mvulana ukaishia usibebe tena.

Wifi hakuwa amefika huko. Amerudisha mboga mezani, na anakunywa foliki asidi. Maziwa bado. Sijamsukuma.

## Swali lililokuwa nyuma ya ndizi

Kilichonisumbua wiki zote hizi hakikuwa sayansi. Nilimwuliza wifi, siku nyingine tukiwa wawili tu, anamtaka huyu mvulana wa nini.

Hakufikiri hata kidogo. "Kaka yako ni wa mwisho. Kihamba ni chake. Akitangulia yeye, mimi na hawa watoto tunakwenda wapi?"

Wachagga wenzangu hamhitaji maelezo. Kwa wengine: mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na shamba linaloizunguka. Shamba hilo ndilo kihamba, na humo ndimo makaburi yalimo. Sikuwahi kujiuliza kinakwenda kwa nani akiwa na mabinti peke yao. Mimi ni binti wa kihamba hicho. Nimezoea kujua kwamba si changu, kiasi kwamba sikuona tena.

Hatuko peke yetu. Kule Mara, Wakurya wana nyumba ntobhu, mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwingine ili azaliwe wa kurithi. Lakini Waluguru na Wamakonde wanahesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwao nyumba isiyo na binti ndiyo yenye wasiwasi. Mwanamke yuleyule, na wasichana walewale watatu, angezaliwa Uluguru angehesabiwa kuwa na ukoo uliojaa.

Kwa hiyo nilitoka kwenye kromosomu nikaingia kwenye sheria. Kanuni za urithi wa kimila zilizochapishwa na serikali mwaka 1963 ziliwagawa warithi madaraja matatu, na mabinti wakawekwa la tatu. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, Jaji James Mwalusanya alisikiliza kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake akaliuza, na ndugu wa ukoo akapinga kwamba mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akasema mila hiyo ni ya ubaguzi na inapingana na Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inampa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi. Na baba yeyote mwenye akili timamu anaweza kuandika wosia leo.

Wosia. Karatasi ya kawaida, kalamu na mashahidi. Haina wiki sita.

Ni rahisi kwa wifi kuacha maziwa kuliko kwa kaka kumwuliza baba swali hili. Nimewaza sana kwa nini, na naona ni kwa sababu chakula kinamgharimu mtu mmoja, tena yule asiye na sauti kwenye kikao cha ukoo. Urithi unatugharimu sote. Binamu zangu wanasubiri. Baba atalazimika kusema mbele ya ndugu zake jambo ambalo baba yake hakulisema.

## Simu kwa baba

Nilimpigia. Baada ya salamu na habari za kahawa nikamwuliza moja kwa moja: kaka akiondoka bila mtoto wa kiume, kihamba kinakwenda wapi?

"Kwa watoto wa baba zako wadogo."

"Hata kama mabinti zake wapo?"

"Mabinti wanaolewa, mama."

"Na mimi nimeolewa, baba. Mwaka juzi ulipolazwa, nani alikaa na wewe wodini?"

Akakohoa. Nilisikia redio yake kwa nyuma, taarifa ya habari. Baadaye akasema, "Hayo tutaongea Desemba mkipanda kuja nyumbani, kwenye kikao."

Baba hasemi "tutaongea" kwa jambo alilolifunga.

Kaka nimemweleza yote, pamoja na ile penseli. Hakujua kama ratiba ilinunuliwa, alidhani wifi ameamua tu kupenda ndizi. Tumekubaliana yeye ndiye atakayeongea kikaoni, si mimi wala mkewe, na aombe jambo moja linaloeleweka: wosia ulioandikwa, wenye majina ya watoto wake wote, watatu waliopo na yeyote atakayekuja. Ameanza kuniuliza maneno ya kutumia mbele ya baba wadogo. Mmoja wao atakataa, tunamjua, na kaka anataka kumfuata mapema kabla ya Krismasi.

Wifi ameuliza kama na yeye anaruhusiwa kuingia kwenye kikao. Kwa desturi wake za watoto huwa jikoni saa hiyo. Nimemwambia ataingia, na kiti chake kitakuwa kando ya changu.